Aberli wa Bern: mandhari ya kuchapa kwa shaba na kupaka rangi ya maji, yanafanywaje?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Jambo yenu wapenzi wa picha. Kikundi chetu cha wachoraji hapa Katuba kinataka kutoa mfululizo wa mandhari ya Katanga: terili (kile kilima cha taka za kuyeyusha shaba) na bomba lake la moshi, maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, mto Lufira wakati wa mvua. Fotokopi hatuzitaki, na kuchora kila nakala kwa mkono tangu mwanzo ni kazi isiyoisha. Nimesoma kwamba Mswisi mmoja, Johann Ludwig Aberli, alikuwa na shida hiyo hiyo katika miaka ya 1760, akaitatua kwa kuchapa mistari peke yake kwa bamba la shaba, kisha kupaka rangi ya maji juu yake. Shaba kwetu si kitu cha kutafuta mbali.

Wanaojua, naomba mnieleze: Aberli alikuwa nani na kazi yake ilikwendaje? Bamba linatayarishwaje na kuchapwaje, hatua kwa hatua? Na kwa nini kazi nyingi za namna hii hutoka kama daftari la watoto la kupaka rangi, mistari myeusi imeizunguka rangi pande zote? Hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu.

MwalimuHimbi (Goma)

Ndugu MwanaKatuba, mimi nitajibu habari za mtu mwenyewe, mambo ya asidi nawaachia mafundi.

Aberli alizaliwa Winterthur mwaka 1723 na alianza kujifunza hapo hapo kwa mchoraji Heinrich Meyer. Mwaka 1741 alihamia Bern, akafanya kazi kwa Johann Grimm aliyekuwa na shule ya kuchora. Grimm alipofariki mwaka 1747, Aberli akaishika shule ile. Riziki yake kwa miaka mingi ilitoka kwenye sura za watu, kwa kuwa wenye fedha wa Bern walilipia sura zao, hawakulipia milima. Mwaka 1759 akaenda Paris na mwanafunzi wake Adrian Zingg, wakafika kwa Johann Georg Wille, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa kuchonga shaba katika mji ule. Zingg alibaki Paris na baadaye akaenda Dresden. Aberli alirudi Bern, na tangu hapo akashikamana na mandhari.

Wakati ulimfaa. Wasafiri kutoka Uingereza, Ujerumani na Ufaransa walikuwa wameanza kumiminika Uswisi kuangalia maziwa na barafu, na mwaka 1765 Jean-Jacques Rousseau alikaa majuma kadhaa kwenye kisiwa cha Mtakatifu Petro katika ziwa Biel, jambo lililolipa ziwa lile sifa kubwa. Msafiri alitaka kurudi kwao na picha ya mahali alipopita. Mchoro halisi wa rangi ulikuwa ghali na ulichukua muda mrefu. Mchongo wa kawaida wa shaba ulikuwa rahisi kununua lakini hauna rangi, na mlima wa barafu bila rangi umepoteza nusu ya uzuri wake. Aberli akaweka bidhaa yake katikati: mistari michache myepesi iliyochapwa, kivuli cha wino uliozimuliwa, kisha rangi ya maji. Mwaka 1766 serikali ya Bern ilimpa haki ya peke yake ya kutumia njia hiyo. Mandhari yake ya Erlach kando ya ziwa Biel, ya Yverdon, ya ngome ya Wimmis na ya maporomoko ya Staubbach huko Lauterbrunnen ndiyo yaliyomtangaza zaidi.

Hakuwa peke yake katika karakana. Vijana walipaka rangi wakifuata nakala ya mfano aliyoitengeneza mwenyewe. Heinrich Rieter, naye wa Winterthur, alijiunga naye Bern mwaka 1777 na kuiendeleza biashara baada ya Aberli kufariki mwaka 1786. Wachoraji waliofuata njia hiyo huitwa mabwana wadogo wa Uswisi, kwa sababu ya udogo wa picha zao. Jina hilo lisiwadanganye: kupanga umbali wa kilomita 20 ndani ya karatasi inayoshikika kwa mikono miwili ni kazi ngumu.

Msimchanganye Aberli na Caspar Wolf, kama watu wengi wanavyofanya. Wolf (1735–1783), mzaliwa wa Muri, alikuwa mtu wa rangi za mafuta. Mchapishaji Abraham Wagner wa Bern alimwagiza picha za milima, naye akatengeneza zaidi ya 150: mapango, barafu, miamba inayotisha. Wolf anakuweka chini ya mwamba uuogope. Aberli anakuketisha mahali salama, kwenye kilima chenye mti, uangalie ziwa kwa raha. Kwa mfululizo mnaotaka kuuza kwa wageni na kwa shule, Aberli ndiye mwalimu anayefaa.

BabaShaba (Lubumbashi)

Mwanangu, swali lako la tatu limebeba hayo mengine. Bamba la Aberli linasema kidogo sana. Mstari wake unamwonyesha mwenye brashi mahali pa kupita, basi. Kivuli, umbali na hewa ni vya brashi. Wanaoshindwa huchonga bamba kana kwamba picha itabaki nyeusi na nyeupe, kisha wanamwaga rangi juu ya picha iliyokwisha kukamilika. Rangi haipati pa kukaa.

Tafuta shaba ya unene wa milimita 1 hadi 1.5, anza na ukubwa wa sentimita 20 kwa 30. Shaba ya mafundi wanaogonga picha za ukutani mara nyingi ni nyembamba mno, hujikunja chini ya rola. Piga tupa kingo zote nne zilale mteremko wa nyuzi 45, la sivyo zitakata karatasi na blanketi la presi, ile mashine ya kuchapia. Sugua uso kwa msasa wa maji namba 400, halafu 800, halafu 1200, kila namba ikikata kimshazari alama za namba iliyotangulia. Usiharakishe hapa: mkwaruzo wowote unashika wino, na utauona juu ya picha, kwenye mbingu, mahali ambapo katika kazi hii panatakiwa pawe peupe kabisa.

Ondoa mafuta kwa unga wa chaki uliolowana na maji yenye amonia kidogo, suuza. Maji yakitandaa yote kama kioo, bamba liko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, na vanishi, yaani tabaka linaloikinga shaba mahali pasipochorwa, itabanduka hapo hapo ndani ya asidi inayochimba mistari.

Vanishi ya kukinga, kwa uzito: nta ya nyuki sehemu 6, lami ya wachapaji sehemu 4 (ya barabarani ina mchanga na mafuta, iache), kolofani sehemu 2, ile wanayotumia mafundi wa redio. Yeyusha nta kwa moto mdogo, ongeza lami na kolofani zilizosagwa, kidogo kidogo, ukikoroga. Mimina kwenye maji baridi, finyanga vidonge. Pasha bamba mpaka kidonge kiyeyuke kikiligusa, tandaza kwa rola au kwa furushi la pamba lililofungwa kitambaa laini. Tabaka liwe la rangi ya asali, shaba ionekane chini yake. Likiwa nene litapasuka chini ya sindano. Likiungua litatoboka vitundu na asidi itapenya kila mahali. Kisha geuza uso chini, upitishe juu ya mishumaa miwili iliyofungwa pamoja, bila kusimama, mpaka uwe mweusi. Hapo kila mstari utakaochora utang'aa.

Kuhamisha mchoro: kopi kwenye karatasi ya kuonyesha, igeuze uso chini juu ya bamba, katikati weka karatasi iliyosuguliwa unga wa chaki nyekundu, fuatiliza mistari. Msisahau kugeuza. Presi inageuza picha, kwa hiyo bamba lazima liwe kinyume tangu mwanzo. La sivyo bomba la moshi litasimama upande usio wake wa terili, na hakuna mtu wa Lubumbashi ambaye hataliona.

Sindano iwe butu kidogo, ipite kwenye vanishi bila kuikwaruza shaba. Na hapa ndipo daftari la watoto huanzia: msifunge mistari. Upande wenye jua, acheni mstari ukatike. Majani ya mti ni vitanzi vifupi vilivyo wazi, vimejikusanya upande wa kivuli. Milima ya mbali ni mstari mmoja unaopotea na kurudi. Mbinguni hakuna hata nukta.

Zama za Aberli walitumia asidi ya nitriki. Moshi wake wa kahawia unaharibu mapafu, mimi simshauri mtu aitumie ndani ya nyumba. Tumieni ile chupa iliyoandikwa perchlorure de fer, wanayo wanaotengeneza mabamba ya elektroniki. Kama ni fuwele, gramu 500 kwa lita moja ya maji. Tieni fuwele ndani ya maji polepole, maana yanapata moto. Beseni la plastiki tu. Glavu na miwani. Nyuma ya bamba funikeni kwa vanishi au utepe wa plastiki wenye gundi.

Bamba lilale uso chini juu ya vipande vidogo vya plastiki. Dawa hii hutoa tope linaloshuka, na likikaa ndani ya mistari linazuia asidi, mstari unabaki wa kina hiki hapa na kina kile pale. Dakika 10 za kwanza ni za picha nzima. Toa, suuza, kausha, funika milima ya mbali kwa vanishi ya brashi. Rudisha dakika 10 kwa miti ya katikati, funika nayo. Sehemu ya mbele ipate 15 nyingine. Joto la Lubumbashi la mwezi wa kumi huharakisha, dawa iliyochakaa huchelewesha, kwa hiyo kila mara jaribuni kwanza kwenye kipande cha shaba hiyo hiyo.

Sasa wino. Mweusi sehemu 1, kahawia ya udongo iliyochomwa sehemu 1, mafuta mazito ya kuzimulia wino sehemu 5. Mstari usomeke vizuri ukishika karatasi mkononi, na uanze kupotea ukiitundika umbali wa mita mbili. Wino mweusi tupu unaua kila kitu. Mkimaliza kufuta bamba kwa kitambaa cha neti, malizieni kwa kiganja kilichoguswa chaki, uso ubaki hauna hata utando. Utando wa mafuta ukihamia kwenye karatasi, rangi ya maji itakimbia.

FundiKampemba (Lubumbashi)

Nyongeza kwa Baba hapo juu, habari ya presi, maana hakuna kijiko wala gurudumu la mkono litakalotoa wino ndani ya mstari wa shaba. Mwenye mashine ya tono (ya kukereza chuma) anaweza kuwatengenezea: rola mbili za chuma za kipenyo cha sentimita 12 hadi 15, urefu sentimita 40 kwa bamba la upana wa 30, na meza ya chuma bapa ya milimita 12 inayopita katikati. Skrubu moja kila upande wa rola ya juu.

Kosa kubwa ni kutumia bomba la ukuta mwembamba. Linapinda katikati kwa kiasi ambacho jicho halioni, na picha zote zinatoka hafifu katikati na nzito pembeni. Bomba liwe na ukuta wa milimita 10 au zaidi, halafu lipite kwenye tono baada ya kuchomelewa ekseli, si kabla, maana moto wa kuchomelea hulipindisha. Skrubu zikikazwa bila kulingana, meza inakwenda upande na karatasi inakunjamana. Pimeni nafasi pande zote mbili kwa kipande cha bati kile kile. Juu ya karatasi wekeni blanketi za sufu mbili au tatu. Za nailoni hazifai, hazisukumi karatasi kuingia kwenye mstari.

DadaKadutu (Bukavu)

Aksanti BabaShaba, umefundisha vizuri. Mimi naendelea pale unapoachia, kwenye karatasi na brashi.

Karatasi ya pamba, gramu 250 hadi 300. Kabla ya kuchapa inaloweshwa dakika 20 hadi 30, halafu inakaushwa kati ya mataulo mpaka isiwe na maji yanayong'aa. Baada ya kuchapa, ikaukie kati ya mbao zenye uzito, na wino upewe juma zima. Msipake rangi siku ya pili yake. Wino unaonekana mkavu lakini brashi itauburuta.

Wengi huanguka kwenye jambo hili: karatasi nyingi za kuchapia hazina gundi ya kutosha kwa rangi ya maji. Dondosha tone la maji pembeni. Likikaa juu kwa dakika kadhaa, sawa. Likizama mara moja, rangi itasambaa kama kwenye karatasi ya kukaushia wino na mbingu itajaa madoa. Dawa ni jelatini, gramu 25 kwa lita ya maji ya moto yasiyochemka, inapakwa kwa brashi pana pande zote mbili baada ya wino kukauka, kisha karatasi inatandazwa na kukauka tena.

Kivuli huja kabla ya rangi. Aberli alianza kwa wino uliozimuliwa, na ndiyo siri ya umoja wa picha zake: mwanga wa picha nzima umeamuliwa kabla ya kijani au buluu kuingia. Tengeneza vikombe vitatu vya wino wa China, hafifu, wa kati, na wenye nguvu kiasi. Hafifu kwa milima, wa kati kwa miti, wenye nguvu kwa mawe ya mbele tu. Hakikisha ni wino usioyeyuka ukikauka, ujaribu pembeni, vinginevyo rangi itakayofuata itauamsha na kuwa tope.

Halafu mbingu. Inamisha ubao kidogo, lowesha mbingu yote kwa maji safi hadi ukingo wa milima, anza juu kwa buluu ya Prussia iliyozimuliwa sana, ukiongeza maji kila mstari unaposhuka. Karibu na milima gusia okra (njano ya udongo) kidogo. Usirudi nyuma na brashi. Ukirudi wakati inaanza kukauka, maji mapya yanasukuma rangi na kuacha kingo zenye meno. Milima ya mbali ipate buluu hiyo hiyo na nyekundu kidogo sana. Miti ya katikati, kijani cha buluu ya Prussia na njano. Mbele, kahawia za udongo. Kadiri unavyokuja mbele ndivyo rangi inavyopata joto, na jicho linaona umbali bila mistari kusaidia. Watu wadogo wa mbele, wapita njia au wavuvi, wapakwe mwisho, na nyekundu kali iwe kwao tu.

Njano mnayochagua ina maana. Njano nyingi za mimea hupauka mwangani, na miti ya kijani hubaki ya buluu baada ya miaka. Okra hudumu. Tabaka mbili hafifu ni bora kuliko moja nzito. Mstari wa bamba ukishazama chini ya rangi, mmetupa kazi yote ya bamba.

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Aksanti sana kwenu, Baba, Mwalimu, Fundi na Dada. Yamebaki mawili. Kwenye Lofoi, maji meupe tuyapake kwa rangi nyeupe nzito au vipi? Na dawa ya shaba iliyochakaa tuimwage wapi?

DadaKadutu (Bukavu)

Nyeupe nzito hapana, ndugu yangu. Itakaa juu ya karatasi kama chokaa na kila mtu ataona ilipowekwa. Angalieni jinsi Staubbach ilivyofanyiwa kazi: maporomoko ya karibu mita 300, membamba, yanayogeuka kuwa mvuke kabla ya kufika chini. Maji ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Kinachopakwa ni mwamba wa pande zote mbili. Juu, mahali maji yanaporuka, ukingo wa mwamba uwe mkali. Ukishuka, lainisha ukingo kwa brashi yenye maji safi, na robo ya chini mwamba wenyewe uwe hafifu, uonekane kupitia mvuke. Kwenye bamba msiweke mstari wowote ndani ya maji, hata mmoja. Na mkachore wakati wa mvua au mara tu baada yake, kiangazi Lofoi hupungua sana na umbo lake linabadilika.

BabaShaba (Lubumbashi)

Habari ya dawa. Isimwagwe kwenye mfereji wala karibu na kisima, ina shaba iliyoyeyuka, na maji ya mji huu yamebeba ya kutosha. Msiitie kwenye chombo cha bati au aluminiamu, inakula chuma kwa kasi na kutoa joto kali. Izimulieni kwa maji kwenye ndoo kubwa ya plastiki, mahali pa wazi, kisha tieni magadi ya kufulia kijiko kwa kijiko. Itatoa povu, kwa hiyo ndoo isijae zaidi ya nusu. Povu likiisha, acheni siku moja au mbili: tope litashuka na maji ya juu yatakuwa maangavu. Maji yakiwa bado na buluu au kijani, ongezeni magadi. Tope likaushwe, lifungwe kwenye chupa yenye kifuniko na lebo, lipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za viwanda.

Lakini msiharakishe kuitupa. Dawa hiyo huchoka polepole, mabamba mengi madogo yanapita kabla haijafa. Andikeni juu ya chupa ni mabamba mangapi yamepita na dakika zilizotumika, ndipo mtajua bamba linalofuata liongezewe dakika ngapi.